Mwalimu Pantaleo Cubaka, Aliyefundisha Vita vya Mahandaki

Mwalimu Pantaleo Cubaka alizaliwa Walungu, Kivu ya Kusini, tarehe 14 Machi 1961, kifungua mimba wa marehemu Mzee Mugisho na marehemu Mama Kostansia. Alisoma shule ya msingi Walungu, sekondari Bukavu, na mwaka 1985 akahitimu ualimu wa historia.

Alifundisha Bukavu hadi vita vilipomtoa nchini mwaka 2004. Mwaka 2012 alifika Buffalo, Marekani, akapata kazi kiwandani Tonawanda, lakini ualimu haukumtoka. Alipenda hasa kueleza vita vya mahandaki. Jumapili moja vijana walitumwa kuondoa theluji kwenye uwanja wa kanisa. Mwalimu akachukua beleshi, akachimba mahandaki mawili yanayotazamana, akawafundisha Verdun: miezi kumi ya mwaka 1916, watu laki tatu hivi wamekufa, na mstari wa mbele ukaishia karibu palepale ulipoanzia. Ibada ilichelewa nusu saa. Mchungaji alinuna, kisha akauliza handaki la Wajerumani ni lipi.

Tarehe 6 Agosti 1988 alifunga ndoa na Mama Nzigire, wakajaliwa Elie na Sandrine. Walimlea pia Jolie, binti wa marehemu dada yake.

Posa ya Jolie ndiyo iliyotugawa. Tarehe 13 Februari 2016 wageni wa upande wa bwana harusi walifika Columbus, alikokuwa akiishi Jolie. Kwa desturi ya ukoo wetu, mkubwa ndiye anayewajibu, asipokuwepo, angojwe. Theluji ilimchelewesha Mwalimu njiani. Mdogo wake Adriano, ambaye ndiye anayesoma maneno haya, alikuwa amewahi kutoka Louisville. Aliona wageni wamechoka, akaijibu posa mwenyewe. Mwalimu alifika watu wamekwisha kula. Hakuvua hata koti. Aliwasha gari, akarudi Buffalo. Tangu siku hiyo, kwa karibu miaka tisa, kila mmoja alimngoja mwenzake atangulie kupiga simu. Adriano alijua kosa ni lake, na hakuomba msamaha.

Mwaka jana moyo wa Mwalimu ulianza kudhoofika. Tarehe 15 Desemba Mama Nzigire alipiga simu Louisville, na sauti ya mumewe ikasikika nyuma yake: “Umuambie akuye. Sina tena lazima ya kumushinda.”

Adriano alijibu kwamba atakuja akipata ruhusa kazini. Ruhusa yenyewe hakuiomba. Alitaka kaka yake achukue simu kwa mkono wake. Aibu hiyo ni yake, na anaisema hapa mbele ya jeneza.

Mwalimu alifariki hospitalini Buffalo, Alhamisi tarehe 9 Januari 2025, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu.

Ameacha mjane, Mama Nzigire, watoto wake Elie na Sandrine, Jolie na mumewe, wajukuu wanne, na mdogo mmoja, Adriano, aliyeingia nyumbani kwake juzi kwa mara ya kwanza.

Mungu ampe pumziko la amani. Kaka, nimekuya.