Nyundo ya Mama Levina

Kwa miaka thelathini na mitatu, tangu Julai 1993 hadi Juni 30, 2026, hakuna boriti ya daraja ya karakana yetu ya Tabora iliyofunikwa zege bila kugongwa na nyundo ya Bi. Levina Mihayo. Leo anastaafu. Masikio yetu yatapumzika, lakini sisi tutapata shida kuzoea.

Alianza kama fundi wa kuchomelea, mwanamke pekee kati ya wanaume kumi na mmoja, akamaliza akiwa mkaguzi mkuu. Shughuli yake ilikuwa vile vipande vifupi vya chuma vyenye kichwa kipana ambavyo karakanani tunaviita uyoga. Huchomelewa juu ya boriti ya chuma, kisha zege humwagwa na kuvifunika. Bila uyoga, zege na boriti huteleza, kila kimoja na lake. Vikishikamana, hubeba mzigo kama kitu kimoja. Mama Levina alitufundisha hilo kwa mbao mbili za mninga: alizilaza moja juu ya nyingine, akapanda katikati, zikapinda. Akazipigilia misumari, akapanda tena, na Mama ni mtu mwenye mwili wake, lakini mbao zilitulia tuli.

Mama yake mzazi aliuza vyungu Isevya, kwa hiyo tangu utotoni alijua kwamba chungu hakinunuliwi kwa macho. Hugongwa kwanza: kizima hulia, chenye ufa huguna. Ndivyo alivyoukagua uyoga, mmoja mmoja, chaki nyuma ya sikio.

Sasa nikiri, maana wengi wenu hamjui. Mwaka 2019, daraja letu la Mto Kasimbu, upande wa Igalula, lilibakiza siku moja limwagiwe zege. Wageni walishaalikwa, ng'ombe ameshachinjwa, mawingu ya Novemba yanajikusanya. Mimi nilikuwa na miezi mitano tu kazini, bado nipo kwenye majaribio. Kwa kupenda unadhifu, nilikuwa nimepaka rangi hadi juu ya boriti moja, pale panapotakiwa kubaki chuma kitupu. Nilipogundua, nilipangusa kwa kitambaa chenye petroli, nikachomelea uyoga hivyo hivyo.

Mama Levina aligonga uyoga wa kwanza wa boriti ile, ukaguna. Wa pili ukaguna. Wa tatu aliupiga kwa nguvu ili uiname, maana uyoga mzima huinama bila kung'oka; huo ukang'oka na kuviringika hadi miguuni pa msimamizi wa mkandarasi. Msimamizi alimsihi asaini, akimkumbusha wageni na mvua. Alijibiwa kwa heshima zote kwamba chungu hiki hakinunuliwi. Kisha Mama akauliza nani amechomelea. Nikanyoosha mkono.

Hakunigombeza. Alinipa mashine ya kusagia chuma, akavaa miwani yake, na kwa siku mbili tukakata na kuchomelea upya uyoga wote mia moja themanini na sita, huku wageni wakila nyama bila daraja. Ripoti yake ilieleza kosa langu lote, haikuficha kitu, na mwishoni ikasema fundi aliyekiri na kurekebisha abakizwe kazini. Nikabakizwa. Siku malori manne ya mchanga yalipoegeshwa juu ya daraja kulipima, lilipinda chini ya kiwango kilichoruhusiwa, nasi tukashangilia kama waliotwaa kombe. Mpaka leo linapitisha malori ya tumbaku.

Jumatatu iliyopita Mama aliomba achomelee uyoga mmoja wa kuagia, kisha akanikabidhi nyundo mbele ya karakana nzima. Niligonga. Uliguna. Wote wakanitazama. Nikagonga tena, nikachomoa chaki, nikautia alama ya kukataliwa. Mama Levina alipiga kigelegele kilichosikika hadi getini, akadai mashine ya kusagia, akaurudia mwenyewe mpaka ukalia.

Asante, Mama. Nenda Chemchem ukale asali ya mizinga yako, Mungu akupe afya na miaka mingi ya raha. Nyundo tunayo, na wa kuukataa uyoga wako umemwacha.

Shikamoo.

Plasidi Ndayizeye, mkaguzi