Nobert Bamwine, Mfungua Maji wa Mubuku, na Sufuria ya Eseri

Marehemu Nobert Bamwine alizaliwa tarehe 3 Mei 1961 hapa hapa Nyakiyumbu, mtoto wa kwanza wa mzee Yosamu na mama Zerida, ambao wote wametutangulia. Tunasoma kwa Kiswahili ili wageni wetu wa ng'ambo ya mto Lubiriha wasikie, na wale wa Mubuku wasiseme kesho kwamba hawakusikia.

Alisoma shule ya msingi ya kanisa hadi darasa la saba, akamaliza mwaka 1976. Hesabu alijua. Kuimba hakujua, lakini kwaya ilikosa mtu wa kumwambia.

Kwanza alibeba magunia ya kahawa mpakani Mpondwe. Mwaka 1987 akapata kazi kwenye mashamba ya umwagiliaji ya Mubuku, akawa mfungua maji: mtu wa kufungua na kufunga mageti ya mifereji, kila shamba la mpunga kwa zamu yake. Mama mmoja aliwahi kumletea kuku ili maji yaanzie kwake. Nobert akamwangalia yule kuku, akauliza, "Mama, huyu iko na zamu ya siku gani?" Mama akarudi na kuku wake. Jumatano, zamu yake ilipofika, maji yalikuwa shambani kabla yeye hajafika. Rafiki yake Baker, aliyeketi pale mbele, alimwita Afande Maji, naye aliitika.

Tarehe 14 Desemba 1991 alifunga ndoa na Eseri Arinaitwe, binti wa Kasese mjini, ambaye wazazi wake walifuata kazi ya mgodi. Mungu aliwapa watoto watatu.

Mwaka 2003 alipimwa akakutwa na ugonjwa wa sukari. Alijidunga dawa, akaendelea na kazi. Miguu ilipoanza kufa ganzi hatukushangaa. Lakini mwaka 2014 akaanza kula vijiko viwili na kusema ameshiba. Kwetu, ukiiacha bundu, ugali wetu wa muhogo, kwenye sahani umemtukana aliyepika, kwa hiyo watu wakanuna. Kisha Jumapili tarehe 17 Agosti, nyumbani kwa dada yake Bwera, ukoo ukiwa umekusanyika baada ya ibada, alitapika maharage aliyokula jana yake. Yalikuwa mazima, kama yametoka kwenye gunia.

Dada yake akasema neno moja: karuho. Watu wa mpakani mnalijua, ile sumu ya polepole inayotiwa kwenye chakula. "Na mwenye kumupikia iko mumoja tu," akaongeza, Eseri akiwa amesimama pale pale na sahani mkononi.

Dada huyo ni mimi, Kukunda, ninayesoma.

Nilimweka kaka yangu kwangu Bwera, nikampikia mwenyewe, bundu na maharage, apate nguvu. Aliendelea kutapika. Wiki ya tatu alijidunga dawa, akala, akaanguka. Chakula kilikaa tumboni hakishuki, na dawa ikaishusha sukari ya kwenye damu bila kitu cha kuijazia. Hospitalini daktari aliuliza anakula nini, nami nikajibu kwa maringo. Akatueleza kwamba sukari ya miaka mingi huharibu chembe za mishipa ya fahamu, si za miguu tu, hata zile zinazoliamuru tumbo lisukume chakula.

Nikauliza, "Kwa hiyo haiko karuho?"

Nobert alinijibu kutoka kitandani kabla ya daktari. "Kukunda, mufereji iko, maji iko. Mufungua geti ndiye amekufa. Ama karuho ya hizi wiki tatu umetia wewe?"

Hata nesi alicheka. Mimi sikucheka.

Jioni Eseri alifika na chupa ya uji mwepesi. Tangu siku hiyo, hospitalini na baadaye nyumbani kwao, alimlisha kidogo kidogo, mara sita kwa siku: uji, viazi vilivyopondwa, mchuzi wa samaki usio na mafuta. Kila baada ya kula walitembea polepole hadi geti la kwanza la mfereji na kurudi, kwa sababu daktari alisema kutembea husaidia tumbo. Siku nyingine chakula kilirudi. Alipika tena. Miaka mitatu na nusu, na hakuniuliza kitu.

Mwishowe figo zilichoka. Alifariki Ijumaa tarehe 9 Machi 2018, saa nne asubuhi, kichwa chake kikiwa mkononi mwa Eseri. Alikuwa amekula vijiko vitatu. "Ya leo imeshuka," alimwambia.

Neno nililolitupa siku ile limetembea bila mimi. Tangu Ijumaa wanawake wa ukoo wanakula kwa majirani, na sufuria za Eseri zinalala zimejaa. Basi ninaliokota mbele ya jeneza: hapakuwa na karuho. Palikuwa na sukari, na ulimi wangu. Wifi yangu, nisamehe.

Marehemu ameacha mjane, Eseri, watoto, Ronnie, Phionah na Sylivia, wajukuu wanne, na dada mmoja.

Afande Maji, Mungu akupumzishe kwa amani. Tukitoka kaburini chakula kiko kwa Eseri. Zamu ya kwanza ni yangu, na nyinyi mashangazi mlionisikiliza Bwera, mtapanga mstari nyuma yangu.