Mshale Unaorudi Nyuma

— Mbona huyu mmoja anarudi alikotoka?

Aliuliza Tela, dereva wa malori aliyestaafu, akiwa ameinamia boksi la redio juu ya benchi, nje ya karakana ya Fundi Umeme. Ubavuni mwa boksi, Pingamizi, binti wa chuo anayebisha hata salamu, alikuwa amechora jinsi nyutroni inavyovunjika na kuwa protoni. Kesho kundi lake lingeueleza mchoro huo mbele ya walimu. Yeye kapewa kuchora, eti ana mkono mzuri. Kueleza kapewa kijana asiyejua mshale upi ni upi. Hasira ndiyo iliyomleta kijiweni na kalamu nene.

— Hii njia panda, Tela akaamua. Lori linaingia, linakata tela, linasonga.

— Lori wapi! Fundi akadakia. Huoni mstari wa mawimbi? Koili hiyo. Imepiga shoti, cheche mbili zikaruka: elektroni na huyo mwenzake.

— Basi mwenzake yuko rivasi.

— Kasahau kitu nyumbani.

— Akirudi nyuma ya wakati, si atafika kabla hajaondoka?

— Ajikute ndani, ajifungulie mlango mwenyewe!

Wakacheka hadi kahawa ikamwagika.

— Napinga! Pingamizi akaingilia. Wazee wangu, hakuna anayerudi. Kwenye mchoro huu wakati unatoka kushoto kwenda kulia, kwa wote. Mshale uliogeuzwa ni alama tu: huyu ni antinyutrino, kinyume cha nyutrino, chembe ndogo isiyo na chaji. Wala hii si ramani ya safari. Kila makutano ni kipande cha hesabu. Ukikosea kuchora, umekosea kukokotoa.

Tela akakuna kidevu.

— Haki ya Mungu, nimeelewa. Na shuleni kipindi cha sayansi nilikuwa nalala.

Mama mdogo wa Pingamizi, fundi cherehani wa duka la pili, alikuwa amekuja kuomba kahawa, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

— Mwanangu, ulipowaambia wenzako unataka kueleza wewe, walisemaje?

Tela akamtazama Fundi. Fundi akatazama birika. Pingamizi akaiweka kalamu chini. Mtaa mzima alikuwa ameulalamikia tangu asubuhi; wenzake hakuwaambia hata neno.

Akatoa simu, akampigia kiongozi wa kundi.

— Kaka, kesho naomba mchoro niueleze mimi.