Seva Isiyokumbuka Bei ya Mchele

Jashoda, muuza vitambaa wa Iringa mjini, alikuwa amefumba macho ndani ya basi, ila masikio aliyaacha wazi. Kwenye kiti cha mbele yake alikaa Nyamizi, mfanyabiashara wa mchele wa Madibira, pamoja na Boniface, fundi wa tovuti, aliyeutangaza ufundi wake hata kabla hajafunga mkanda.

"Tovuti yangu inazimika kila tangazo langu linaposomwa redioni," Nyamizi alilalamika. "Wateja wanahamia kwa wengine."

"Ongeza memori ya seva, dada."

"Nimeshaongeza mara mbili."

"Basi ongeza mara ya tatu," Boniface alisema. Jashoda akakiri moyoni kwamba utaalamu wa namna hiyo lazima uwe wa kusomea miaka mingi.

Boniface akaeleza kwamba kila mteja akifungua ukurasa, seva, yaani kompyuta inayoihifadhi tovuti, huanza upya: huisaka bei, huupanga ukurasa, ndipo humpa.

"Lakini bei naibadilisha Jumatatu tu! Watu mia tano wakiuliza bei ileile, inaitafuta mara mia tano? Haiwezi kuweka ukurasa mmoja tayari, ikawagawia wote?"

"Dada, hayo ni mambo ya kitaalamu. Kila mteja anastahili ukurasa wake mpya."

"Hongera kwa kusoma," Nyamizi alisema.

Basi likasimama Ilula. Wachuuzi wakakimbilia madirishani na ndoo za nyanya zilizokwisha kujazwa. Boniface akatoa mkono nje. "Mama, lete hiyo iliyojaa! Upesi, gari linaondoka!"

"Usimharakishe," Nyamizi alimwambia. "Mwache kwanza akakuchumie shambani."