Misi Ghada Hafundishi Chekechea

MAMA: Haloo! Haloo, nani wewe?

GHADA: Ni mimi, mama. Wewe ndiye uliyepiga.

MAMA: Ghada? Mbona unakwaruza hivyo?

GHADA: Asalaam alaykum, mama. Niko chini huku kwenye korido ya hospitali, mtandao wenyewe wa—

MAMA: Waalaykumu salaam, hujambo, umekula? Usinijibu. Sikiliza. Niko jikoni, nimefunga mlango, na bomba nimelifungulia wasinisikie.

GHADA: Kina nani wasikusikie?

MAMA: Kina Hatim! Yeye, baba yake, Hajjat Ismat mama yake, na yule dada yake Nashwa. Wamekuja kusoma Fatiha. Umesahau siku ya uchumba wako mwenyewe?

GHADA: Sijasahau! Si tulisema mkishaisoma utanipigia nisikie vigelegele?

MAMA: Vigelegele vya nini? Sharubati ya waridi nimeshaikoroga, iko hapa mbele yangu inasubiri Fatiha. Na Fatiha haisomwi.

GHADA: Kwa nini?

MAMA: (kwa mnong'ono) Mwanangu, niambie kweli. Mimi mama yako, sitakugombeza. Wamekuvua udaktari?

GHADA: Wamenini?

MAMA: Ile picha uliyotuma asubuhi. Umevaa zile nguo za kijani, meno yote nje. Nikasema nijisifu kidogo, nikawapitishia simu. Nashwa si mwalimu wa Kiingereza? Akaikuza, akaikuza, mpaka kwenye kile kitambulisho kifuani. Akakisoma kwa sauti. "Misi Ghada Sabri."

GHADA: (anacheka) Alaa!

MAMA: Unacheka! Nashwa anasema, "Lakini Misi ni mimi. Shuleni kwetu wanafunzi wananiita Misi Nashwa. Daktari huandikwa Dokta." Hajjat Ismat naye akajibu taratibu, kama mtu anayeonja supu, "Labda bibi harusi anafundisha chekechea hapo hospitalini." Chekechea, Ghada! Na ile miaka yote ya kukata maiti?

GHADA: Na Hatim? Hatim anasemaje?

MAMA: Hatim anatazama zulia. Atalijua kila ua lake leo.

GHADA: Mama, nisikilize. Huku Uingereza—

MAMA: Huku Uingereza, huku Uingereza! Hao watu na Kiingereza chao wamenimaliza. Ulipofika wakakuita ofisa wa nyumba. Nikamwambia jirani yetu Mama Shadi umepewa nyumba, kumbe unalala chumba kimoja na jiko la watu wanne.

GHADA: Lile ni jina tu la daktari mdogo wa—

MAMA: Ukasema unashinda thieta. Mimi nikajua umeingia kwenye maigizo! Nikafunga siku tatu nikimwomba Mungu akurudishe.

GHADA: Thieta ndiyo chumba cha kupasulia, mama. Nilikueleza.

MAMA: Ulinieleza baada ya kufunga! Na ukasema ukipanda cheo utakuwa msajili. Msajili gani? Utaozesha watu?

GHADA: Na bosi wangu ni mshauri.

MAMA: Huyo naye anashauri tu, kazi hafanyi? Haya, wewe sasa Misi. Kesho watakuita nani, Shangazi?

GHADA: Mama! Unaniacha niseme?

MAMA: Sema. Lakini sema upesi, Mama Shadi anawapa hadithi za kupasuliwa ngiri yake, na ngiri yenyewe haina mengi.

GHADA: Huku, daktari anayetoa dawa ni Dokta. Daktari wa upasuaji haitwi Dokta. Mwanamume ni Mista. Mwanamke, Misi. Ni heshima.

MAMA: Heshima? Tuliuza nyati uipate hiyo Dokta, nyati wetu wa kufugwa, wa maziwa, halafu waichukue waseme ni heshima?

GHADA: Hawakuichukua. Nimeiacha mwenyewe. Ukishafaulu mtihani wao wa upasuaji, Dokta unaiweka kando na—

MAMA: Ngoja.

GHADA: Naam?

MAMA: Umesema ukishafaulu.

(mtandao unakwaruza)

GHADA: Ndiyo, mama.

MAMA: Mtihani ule? Ule ulioniambia mwaka jana umeahirishwa?

GHADA: Haukuahirishwa. Nilifeli. Sikutaka ukose—

MAMA: Nilijua.

GHADA: Ulijua?

MAMA: Mtu aliyeahirishiwa mtihani hapigi simu kuuliza vitunguu saumu vingapi vinaingia kwenye mchuzi wa molokhia, huku analia. Hata vitunguu havijamenywa.

GHADA: Mama...

MAMA: Sikukuuliza ili usinidanganye mara ya pili. Sasa umefaulu?

GHADA: Nimefaulu. Nilitaka nikuambie leo, baada ya Fatiha, furaha ziwe mbi—

MAMA: Lulululululuuuu!

GHADA: Mama, sikio langu!

MAMA: Lululululuuu! Niache. Sasa huko sebuleni watadhani nimeungua. (kwa sauti kubwa) Siyo moto! Kaeni! Nakuja! — Ghada, umefaulu! Nikuite nani sasa? Misi? Misi! Mbona linakaa vizuri mdomoni.

GHADA: Basi nenda ukawaambie.

MAMA: Nakwenda. Lakini subiri. Nashwa ataniuliza kwa nini. Kila jambo yeye lazima aulize kwa nini. Kwa nini mtu apasue watu halafu asiitwe Dokta?

GHADA: Eh... hapo sasa. Hutapenda.

MAMA: Sema.

GHADA: Kwa sababu zamani huku waliokuwa wakipasua hawakuwa madaktari. Walikuwa vinyozi.

GHADA: Mama? Haloo? Unanisikia?

MAMA: Walikuwa nani?

GHADA: Vinyozi. Mwenye wembe ndiye aliyekata, nywele, jipu, hata mguu. Madaktari wasomi wakawadharau, wakawanyima jina lao. Baadaye wapasuaji wakawa wakubwa kuliko wote, wakaambiwa haya, njooni muitwe Dokta. Wakasema asanteni, sisi tutabaki na Mista yetu.

MAMA: Ghada, unanitania.

GHADA: Wallahi sikutanii.

MAMA: Kwa sababu mimi... (bomba linasikika) Mimi nimewaambia marehemu baba yako alikuwa mfanyabiashara wa manukato.

GHADA: Manukato gani, mama?

MAMA: Si alikuwa akiwapaka wateja kolonya akimaliza kuwanyoa?

GHADA: (anacheka mpaka anakohoa) Ya Rabbi!

MAMA: Usicheke! Baba yake Hatim mhandisi, mama yake mkuu wa shule mstaafu. Ningesema nini? Kwamba binti yetu ni wa Sabri kinyozi, mwenye kiti kimoja na kioo chenye ufa?

GHADA: Ndiyo. Ungesema hivyo.

MAMA: Rahisi kwako, uko mbali huko.

GHADA: Mama, baba alikuwa akinyoa, aking'oa meno, akipasua majipu, akitahiri watoto wa mtaa mzima. Ndiyo kazi ninayoifanya mimi, ila mimi nina taa kubwa. Jana waliponivalisha hicho kitambulisho nilijifungia chooni nikalia. Nililia kwa sababu yake. Wapasuaji wote humu wanahangaika waitwe jina la kinyozi, na wangu mwenyewe hayupo kuniona.

(maji yanakoma)

GHADA: Mama? Mbona kumetulia? Sisikii maji.

MAMA: Nimefunga bomba.

GHADA: Unafanya nini?

MAMA: Nachukua sinia. Usikate. Nakuweka hapa juu, kati ya glasi, na spika nawasha.

GHADA: Mama, taratibu. Wakikataa—

MAMA: Wakikataa, sharubati tutakunywa na Mama Shadi. (mlango unalia) — Jamani, samahanini. Hajjat, ile habari ya manukato ifutwe. Marehemu mume wangu alikuwa kinyozi. Fundi Sabri, pale penye daraja la reli. Kinyozi, alinyoa na kutahiri. Na binti yake amefaulu kupasua watu kwa Waingereza, na Waingereza wakipenda mpasuaji wanampa jina la vinyozi. Ndiyo hiyo Misi. Misi Nashwa, samahani, jina lako tumeliazima.

(kelele, mtu anapiga makofi, glasi zinagongana)

GHADA: Mama? Nini hicho? Nani anapiga kelele? Haloo!

MAMA: Subiri, baba yake Hatim amesimama! Anasema... nini, Haji? Anasema... Ghada!

GHADA: Wamekataa?

MAMA: Anasema Fundi Sabri wa darajani ndiye aliyemtahiri Hatim!

GHADA: Ee Mungu wangu.

MAMA: Anasema mtoto hakulia hata! Hajjat anasema alilia, alilia mpaka reli ikasikia. Wanabishana! Hatim amejifunika uso kwa mto!

GHADA: Mama, ondoa spika! Ondoa—

MAMA: Hajjat anacheka, Ghada. Anafuta machozi. Anasema mkono wa yule fundi ulikuwa mwepesi, hajapata kuona mwingine kama huo, na kama bintiye ameurithi... Nashwa, kaa! Wananyanyua mikono. Wanaisoma!

(sauti nyingi kwa pamoja, za chini)

GHADA: (polepole) Amina.

MAMA: Amina! Lululululuuuu! Umesikia? Na Mama Shadi naye yumo!

GHADA: Nimesikia, mama. Nimesi— aa, kidude cha kiunoni kinalia. Naitwa thieta.

MAMA: Sasa hivi? Huyo mshauri si angepasua mwenyewe leo?

GHADA: Ananingoja mimi. Mama, mwambie Hatim—

MAMA: Hatim bado yumo ndani ya mto. Nitamwambia. Umenawa mikono?

GHADA: Ndiyo naenda kunawa! Kwaheri, mama. Nimefurahi mpaka—

MAMA: Ghada! Usimkate mtu zaidi ya shida yake. Baba yako alikuwa akijiambia hivyo kila akishika wembe.

GHADA: Najua, mama. Najiambia hivyo hivyo.

MAMA: Haya nenda. Nenda, binti kinyozi.