Mwalimu Brigita na Watu Waliokuwa Hawajaamua

Baba Paroko, viongozi wa kitongoji chetu cha Lihungu, wazee wangu shikamooni, ndugu zetu Waislamu mliofunga maduka huko Kiberege mkaja kukaa nasi juani, mimi naitwa Faustino, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, Mwalimu Brigita Ildefonce Mkopi, nami nitayasoma kama yalivyokuwa, maana yeye mwenyewe hakupenda historia za misibani zinazompamba mtu mpaka wafiwa wanatazamana.

Dada Brigita alizaliwa tarehe 14 Februari 1959, upande wa Mahenge, wilaya ya Ulanga, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Ildefonce Mkopi, mkulima, na tangu akiwa mdogo alikuwa mbishi, siyo mbishi wa matusi, ila wa kuuliza, hata baba akimtuma maji atataka kwanza kujua kwa nini zamu siyo ya Faustino. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, akaendelea na sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1977, kisha akasomea ualimu mkoani Morogoro na kuhitimu mwaka 1980.

Kituo chake cha kwanza cha kazi kilikuwa Mchombe, alikofundisha Hisabati na Siasa, somo ambalo baadaye liliitwa Uraia, na mwaka 1991 alihamishiwa Kiberege, akafundisha huko hadi alipostaafu mwezi Februari 2019. Tarehe 8 Oktoba 1983 alifunga ndoa takatifu mjini Ifakara na shemeji yetu Anselim, fundi wa mashine za kukoboa mpunga pale Viwanja Sitini, wakajaliwa watoto watatu, Eveline aliyezaliwa mwaka 1984, Hilary aliyezaliwa mwaka 1987, na wa mwisho, binti, ambaye Mungu alimchukua kwa malaria kabla hajatimiza mwaka.

Alipostaafu, yeye na shemeji walihamia hapa Lihungu, na hapa ndipo wengi wenu mlipomfahamu kwa kazi ambayo hakuna aliyemwajiri kuifanya, kwamba kila uchaguzi ukikaribia alikwenda kuongea na watu waliokuwa hawajaamua, bila kuvaa fulana ya chama chochote, na tulipomuuliza anatafuta nini alisema, "Mwenye chama chake hanihitaji, anayechukia siasa hanisikilizi, mimi namtaka huyu wa katikati, huyu bado anafikiri."

Ndugu waombolezaji, siku nitakayoieleza wapo hapa wanaoikumbuka, ilikuwa asubuhi, mwezi Novemba 2024, wiki ya kampeni za serikali za mitaa, kwenye mgahawa wa Mwanamkasi pale sokoni Kiberege, nami nilikuwepo, nilikuwa nimemsindikiza dada. Mwanamkasi alikuwa anakaanga vitumbua, akamwambia bila kugeuka, "Mwalimu, hiyo serikali ina kazi gani kwangu? Barabara imenikuta nauza chai, itaniacha nauza chai."

Dada akamjibu, "Kila mfuko wa sukari unaonunua umeshaulipia kodi, Mwanamkasi, kwa hiyo hiyo serikali umeshaiajiri, bado kuisimamia tu." Watu wakacheka, hata Mwanamkasi akacheka, na dada alikuwa na furaha kama yuko darasani.

Hapo ndipo Wiliam, jirani yetu, mkulima wa mpunga, alipoweka kikombe chini akasema, "Shikamoo Mwalimu. Mimi ushuru wa mazao nalipa getini, sipiti njia za panya, watu wananijua. Shule shikizi ya watoto wetu wadogo, wale wasioweza kutembea mpaka shule kubwa, matofali yake nilifyatua na wenzangu, mchanga tukasomba, ukuta tukaupandisha, tukaambiwa serikali itamalizia kwa mbao na bati. Mwaka wa nne huu, watoto wanasomea humo, juu wamefunikwa turubai. Sasa niambie, kazi ya serikali ni ipi, na kazi yangu mimi ni ipi?"

Dada akamwambia, "Kazi yako iliyobaki ni kumchagua mtu atakayekwenda kuuliza bila kuchoka. Usipomchagua, hata matofali yako umeyatupa."

"Na akiuliza asijibiwe?"

"Tutakwenda wote."

Tarehe 27 Novemba Wiliam alipiga kura, yeye na mke wake na wakwe zake, na Mwanamkasi naye alifunga mgahawa akapiga, na yule waliyemtaka, Gladness, akashinda uenyekiti wa kitongoji, nasi tukapika pilau nyumbani kwa dada. Sitamsema vibaya Gladness, maana kuuliza aliuliza, alikwenda mjini mara nyingi kwa nauli yake, akirudi anasema ameambiwa asubiri, mpaka mwezi Februari dada alipotangaza kwamba sasa tunakwenda wote, na siku ilipofika tukajikuta wanne, Gladness, dada, Wiliam na mimi, wengine walikuwa wanapandikiza mpunga na hakuna wa kuwalaumu.

Kwenye ofisi ya halmashauri tulipokelewa na kijana mmoja mwenye adabu, alisimama, akamwamkia dada, akampisha kiti chake, akafungua kompyuta akatafuta, akatafuta tena, kisha akasema, "Mama, jengo lenu siyo kwamba limekataliwa. Halipo kwenye mpango. Halijawahi kuwepo." Dada alimuuliza ni nani basi aliyetuambia tupandishe ukuta, na kijana akasema kwa kweli hajui, wakati huo yeye alikuwa bado anasoma chuo. Tukarudi. Njia nzima dada na Wiliam walikaa kiti kimoja, Wiliam akitazama dirishani.

Tarehe 6 Aprili 2025, siku ya Jumapili, baada ya mvua kunyesha mfululizo, ukuta wa darasa ulianguka, tunamshukuru Mungu hapakuwa na mtoto ndani, na tangu siku hiyo watoto wetu wanapita kando ya barabara kuu kwenda Kiberege, wadogo kama mnavyowaona, na wengine wameacha. Jioni ile Wiliam alikuja nyumbani kwa dada, hakukaa, alisimama mlangoni akasema, "Mwalimu, mimi nilikuwa sijaamua. Sasa nimeamua. Sina ugomvi na wewe, ila usinifuate tena." Kabla ya mavuno alikuwa ameshahamia shambani, upande wa Mlimba, na familia yake yote, na tunasikia huko waliko hakuna shule ya karibu.

Dada hakuwahi tena kukaa mgahawani. Shemeji Anselim anasema alikuwa anaamka, anafagia uwanja, anakaa, na akimwambia twende hata sokoni anajibu, "Nikawaambie nini?"

Tarehe 19 Juni 2025 alipatwa na kiharusi kilichotokana na shinikizo la damu, upande wa kulia ukapooza na kauli ikapotea, akalazwa hospitalini Ifakara, akaruhusiwa, akarudishwa tena, na katika muda wote huo alikuwa anatutambua ila neno halikutoka. Uchaguzi mkuu wa mwezi Oktoba ulimkuta kitandani, na shemeji, akijua kwamba mke wake hajawahi kukosa kupiga kura tangu apate umri, aliazima bajaji, akamwandalia nguo, akamuuliza kama yuko tayari, naye akageuza uso ukutani, akabaki hivyo mpaka shemeji alipoirudisha bajaji kwa mwenyewe. Alifariki dunia siku ya Alhamisi, tarehe 8 Januari 2026, alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kutuchoka, majirani wa Lihungu mliomgeuza kitandani na kumfulia, walimu wastaafu wenzake, Mwanamkasi ambaye alimletea uji kila asubuhi na hakukubali kulipwa, na Baba Paroko kwa Sakramenti ya Wagonjwa. Ningependa kuwaambia kwamba yale aliyoyahangaikia yameanza kuonekana, lakini mmepita pale kwenye matofali mkija hapa, mmeona majani yalivyoota, na Hilary, mwanaye, aliniomba nisiseme uongo mbele ya jeneza la mama yake.

Dada Brigita, ulibishana nasi kwa sababu ulidhani tuna thamani ya kubishaniwa. Tunakurudisha kwa Bwana aliyekuleta, akupe raha ambayo huku hukuipata.