Shukrani za Daktari Mgeni

Mshona mapazia alitandaza mapajani vipande vya karatasi alivyokata kwa mkasi wake wa kazi: huku maneno magumu ya Kiingereza, huku maana zake, akivioanisha. Mzee mwenye miwani aliyeketi jirani yake kwenye basi, alipoambiwa ni shukrani za daktari mgeni, alicheka. “Mama, tenkyu inatosha.”

“Tenkyu nilimpa aliponifungulia mlango, mzee wangu. Huyu kamrudishia binti yangu huyu hapa macho. Nimpe ileile?”

“Maneno hayo hata wenyewe hawayatumii!”

“Ndiyo ajue nimehangaika.”

Basi likasimama hospitalini. Kipande kimoja kikamponyoka mama, kikapotelea chini ya viti. Mzee akainama na miwani yake, akapapasa wee.

“Kile kule, babu,” binti akasema.